Mbuzi wa Ntheo na Shilingi ya Simba

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mjinga. Nasema mapema kwa sababu nikimaliza kusimulia, kuna watakaodhani vingine, na mke wangu atakuwa wa kwanza. Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Kibanda changu kiko Mwingi, kando ya barabara ya Garissa, na sidhani kuna muuza nyama au mama wa ndengu katika mji huu ambaye hajawahi kuniletea mzani uliolegea springi. Watu wa vipimo wakikaribia kuja kupiga mihuri yao ya mwaka, nafungua kinywa saa kumi jioni, maana foleni hainiachi nikaweka kitu mdomoni. Nina mawe ya shaba ya kupimia, nina mzani mdogo wa mfukoni wa aina wanayotumia masonara, na mteja akiniambia kitu fulani kinaonekana kuwa kilo moja, namkaripia. Macho hayapimi, namwambia. Lete hapa tupime.

Kwa hivyo nikikiri kwamba kwa karibu miaka mitatu nilikuwa nanunua sarafu za zamani kwa kutazama picha kwenye simu, bila kuzishika wala kuzipima, utaelewa kwa nini nimeanza kwa kujitetea.

Kulikuwa na kundi la mnada mtandaoni. Mtu anapiga picha ya kitu chake, anaandika maelezo mawili matatu na saa ya kufunga, halafu watu wanaweka dau pale chini. Dau la mwisho kabla ya saa kufika ndilo linaloshinda, na ukishinda ukakataa kununua, msimamizi anaweka picha yako kundini ili kila mtu akujue. Wengi walikuwa wanauza redio za mbao, pasi za makaa na saa za ukutani. Lakini hapa na pale mtu alitoa sarafu alizozikuta kwenye sanduku la nyanya yake, na hapo ndipo mimi nilipokuwa naotea.

Sikuwa nawinda sarafu zilizoelezwa vizuri. Hizo zina wenyewe, watu wa Nairobi wenye vitabu na pesa. Mimi nilikuwa nawinda makosa. Mtu anaandika "vyuma vya zamani" na kumbe kati ya vyuma hivyo kuna fedha halisi. Mtu anaandika "senti kumi za mkoloni, zina tundu" na hajui kwamba moja kati ya sarafu hizo ni ya mwaka ambao wakusanyaji wanauhangaikia. Nilikuwa na daftari la miaka na alama, na niliisoma picha kwa kuikuza mpaka kidole kinauma. Mara yangu ya kwanza nilipata. Nilinunua rundo kutoka kwa kijana wa mji wa Wote, nikatoa moja, nikamuuzia mzee mmoja mkusanyaji kule Nairobi, nikanunua bati za jikoni. Laiti ningekosa siku ile! Ile moja ndiyo iliyoniharibu kichwa.

Baada ya hapo nilipigwa mara nyingi kuliko nilivyopiga, ila zile za kupigwa sikuziandika daftarini. Kuna mtu alinitumia washa za bomba, zile pete za chuma, alizozipaka rangi ya shaba. Mwingine aliweka picha ya sarafu nzuri, akatuma nyingine iliyolika. Na yule aliyeniuma zaidi alikuwa mwaminifu kabisa: sarafu ilikuwa yenyewe, lakini alipoona nimeshinda mnada akaichukua akaisugua kwa stilwaya na majivu, inang'aa kama sufuria ya harusi, akaniandikia, "Nimekusafishia, buda." Sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji haigusi. Nilimshukuru kwa maneno, moyoni nikamtukana mpaka nikachoka.

Lakini hatari kubwa ya uwindaji huu haikuwa matapeli. Ilikuwa hivi: swali ambalo lingekuokoa ndilo usiloweza kuuliza. Ukimwuliza muuzaji, "Ina uzito gani? Nipigie picha ya ukingo wake," unamwamsha. Anajiuliza, huyu anatafuta nini? Anakwenda kuulizia, anajua, anapandisha bei au anaondoa kitu mnadani. Kwa hivyo unanyamaza. Unajifanya hujali. Unaandika, "Nitachukua, watoto wachezee." Na ukishanyamaza, huna tena njia ya kujua kama ni yeye aliyekosea au ni wewe.

Sasa nije kwa mke wangu.

Wakati huo tulikuwa tumeishi pamoja miaka kumi na minne na tuna watoto wawili, na nilikuwa sijapeleka ntheo. Kwa asiyekuwa wa kwetu nieleze: ntheo ni mbuzi watatu ambao Mkamba huwapeleka kwa kina mke wake. Mali nyingine inaweza kungoja hata uzeeni, watu watakuelewa, lakini wale watatu ndio ndoa yenyewe. Bila hao, hata mkae miaka hamsini na mpigwe picha kanisani, mwanamke bado anahesabiwa kuwa binti wa kwa baba yake aliyekuja kukutembelea. Akifa, watu wake wana haki ya kuja kumchukua. Binti yako akiposwa, wewe huna mdomo wa kuitikia.

Kila mwaka nilikuwa na sababu. Ukame, ada, paa. Mke wangu si mtu wa kelele. Lakini mwaka ule mama yake, aliyekuwa akiishi Migwani, aliugua miguu ikavimba, na siku moja mke wangu akarudi kutoka kumwona, akaweka kikapu chini, akaniambia akiwa bado amesimama, akimtaja mama kwa Kikamba: "Mwaitu ameniuliza kama nitazikwa huko kwako kama mgeni. Nimekosa la kumjibu. Mwaka huu ukiisha bila ntheo, mimi na watoto tunarudi Migwani. Sikutishi. Nakuambia."

Nilishtuka. Nilinunua mbuzi watatu, mmoja mmoja, kwa miezi sita, nikawafunga nyuma ya nyumba. Dume mweusi mwenye kifua cheupe ndiye aliyekuwa fahari yangu. Siku ikapangwa na wazee wa pande zote mbili: Jumamosi ya pili ya Desemba. Mke wangu alianza kuimba tena akifua. Kila asubuhi alikuwa anakwenda kuwapa maji mbuzi wale mwenyewe, akiwatazama mmoja mmoja kabla ya kurudi ndani.

Wiki ya ntheo yenyewe, Jumapili baada ya ibada, nikafungua simu nikaona ile picha.

Mwanamke mmoja wa Salama, huko Makueni, alikuwa ameweka sarafu mnadani. Aliandika: "Shilingi moja ya zamani, ina simba. Ilikuwa ya baba yangu." Basi. Picha ilipigwa kivulini, maandishi yamelika, lakini simba alionekana, na upande wa pili kichwa cha mfalme. Kabla ya shilingi ya simba kuletwa Afrika Mashariki, kulikuwa na sarafu nyingine iliyoitwa florini. Ilitumika muda mfupi tu, ikarudishwa, ikayeyushwa. Nayo ina simba na mfalme, na upana wake na wa shilingi karibu ni mmoja. Zikiwa zimelika na zimepigwa picha kizani, mtu anaweza kuzichanganya. Tofauti kubwa iko kwenye uzito: florini ina zaidi ya gramu kumi na moja, shilingi haifiki nane. Moja utainunua popote kwa bei ya chai na mandazi. Nyingine yule mzee wa Nairobi alikuwa ameniambia niilete hata kama ni usiku wa kuamkia Krismasi.

Nilikuza picha. Nikaona taji kichwani mwa mfalme, lile ambalo liko kwenye florini tu, jinsi nilivyotaka kuliona. Nikajiambia, huyu mama amekosea. Ameshika florini, anaiita shilingi.

Niliweka dau dogo. Mara mtu mwingine akaweka juu yangu, mwenye picha ya gari badala ya uso wake. Nikaongeza. Akaongeza. Hapo ndipo nilipopoteza akili kabisa, kwa maana nilifikiri: kama si kitu, huyu naye anakimbilia nini? Ameona nilichoona! Sikuwaza kwamba labda yeye naye, huko aliko, alikuwa anasema hivyo hivyo juu yangu. Tulipanda namna hiyo mpaka chakula cha mchana kikapoa na mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Kisha yule mama akaandika: "Mimi pesa ya simu nimechoka nayo, juzi nimetumiwa meseji feki na kitunguu yangu ikaenda. Mwenye ataniletea mbuzi dume mzuri hapa Salama, achukue hii kitu tumalize."

Kundi zima lilicheka. Mwenye gari akaandika, "Mbuzi nitatoa wapi mimi niko Embakasi?" Nami, kabla akili haijafika, vidole vilikuwa vimeshaandika: "Mbuzi iko. Jumanne niko kwako."

Hesabu yangu ilikuwa hii. Jumanne nampeleka dume mweusi Salama. Jumatano niko Nairobi na florini kwa yule mzee. Alhamisi nanunua dume mwingine, mkubwa kuliko yule, na bado nabaki na ya kununulia sherehe soda. Jumamosi tuko Migwani. Mke wangu hata hatajua. Niliirudia hesabu hiyo nikiwa naoga, na kila mara ilitoka sawa.

Jumanne alfajiri mke wangu alinikuta nikimfungua mbuzi.

"Unaenda wapi na hiyo mbuzi?"

"Nampeleka kwa daktari. Anakohoa."

Alimtazama mbuzi. Mbuzi naye alimtazama, anacheua taratibu, mzima kama siku ya kuzaliwa. "Hiyo mbuzi haikohoi," mke wangu akasema. Nilivuta kamba. Alisimama hapo na ndoo ya maji mkononi mpaka nilipopinda kona, sikugeuka nyuma ila nilijua.

Nilipata nafasi kwenye lori lililokuwa limeleta simenti na sasa linarudi tupu. Mbuzi alisimama nyuma kwenye vumbi la simenti, akafika Athi River akiwa na rangi ya kijivu. Kutoka hapo pikapu ya muuza matunda ikatuchukua mpaka Salama. Njia nzima nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Niliona milima ikiwa na kijani cha mvua za Desemba, nikaona kama imepambwa kwa ajili yangu.

Salama ni mji wa kusimama. Magari ya Mombasa yanasimama, watu wananunua vitunguu na maembe, yanaondoka. Yule mama alikuwa na meza yake kwenye safu ndefu ya meza za wanawake, kila moja na mzani wake wa kuning'iniza. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, kofia ya sufu kichwani katika joto lile.

"Mwaitu, ni mimi wa mbuzi," nikamwambia, nikimpa heshima ya mama kwa Kikamba.

"Naona mbuzi," akasema. "Wewe sijaona bado."

Akamshika mbuzi. Alimfungua mdomo akahesabu meno. Akageuza masikio kutafuta kupe, akabonyeza kiuno, akainua kwato moja moja, akamtembeza mpaka kwenye bango na kurudi kuona kama anachechemea. Akamfuta simenti mgongoni aone manyoya ya chini. Alimkagua kwa muda wa kutosha kuivisha chai, na alikuwa amemwona kwa macho yake, amemshika kwa mikono yake. Nami niliyekuja nimesafiri nusu siku, sarafu nilikuwa nimeikagua kwa picha moja ya kivulini. Jambo hilo lilinipitia kichwani likanichoma kidogo, nikalifukuza.

"Nimekubali," akasema, akamfunga mbuzi kwenye mguu wa meza. Kisha akafungua fundo la leso yake, akanipa sarafu.

Mkono ulijua kabla yangu. Ilikuwa nyepesi.

Nilisogea nyuma ya magunia, nikatoa mzani wangu wa mfukoni, nikauweka juu ya kreti. Gramu saba na nukta saba. Nikaondoa, nikaweka jiwe langu la majaribio: mzani ulisoma sawasawa. Nikaweka sarafu tena. Saba na nukta saba. Nilitoa lenzi, na pale juani, ambapo picha haikufika, niliona yote niliyokuwa nimeyakosa. Taji nililoliona kwenye simu lilikuwa mkwaruzo. Ilikuwa shilingi. Shilingi moja ya zamani, ina simba. Yule mama alikuwa ameandika ukweli mtupu, neno kwa neno, na mimi mwindaji wa makosa ya watu nilikuwa nimelibeba kosa langu mwenyewe kutoka Mwingi mpaka pale.

Nilikaa juu ya gunia. Sikufikiria hata florini. Nilimfikiria mke wangu na ndoo yake ya maji. Ilikuwa Jumanne, mfukoni sikuwa na ya kununua hata mwana-mbuzi, na Jumamosi wazee wangekuwa wamekaa kwenye viti Migwani wakingoja watatu. Niliogopa. Niliogopa vile ambavyo sijawahi kuogopa.

"Unapima nini huko?" Mama alikuwa amesimama juu yangu.

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nao mwingi, lakini ulikuwa umenichosha. Nikamwambia. Nikamweleza florini ni nini, na kwamba nilidhani anayo bila kujua, na kwamba nilinyamaza makusudi ili asijue.

"Kwa hivyo ulikuja kuniibia."

"Ndiyo, mwaitu."

"Na imekataa."

"Imekataa."

Alitikisa kichwa. "Yule mwingine wa gari pia aliniuliza Jumapili kama ikianguka inalia ngriii ama kaka kama bati. Nikajua tu hawa watu wako na kitu wanatafuta." Akarudi mezani kwake akapima vitunguu vya mteja, akarudisha chenji, akageuka tena kwangu. "Sasa mimi nilisema shilingi, na nimekupa shilingi. Mbuzi ni yangu. Nilitaka mbuzi kwa sababu kijana yangu anapeleka ntheo mwezi huu na tumekosa moja."

Nikasema bila kumtazama: "Hata huyo ni wa ntheo. Ni wa mke wangu. Jumamosi."

Basi la Mombasa lilisimama, wanawake wote wa safu ile wakakimbilia madirisha na vitunguu vyao, yeye hakukimbia.

"Mmekaa miaka ngapi?"

"Kumi na minne."

"Kumi na nne!" Alivua ile kofia ya sufu, akajipepea nayo. "Mimi yangu ililetwa nikiwa na wajukuu. Mwaitu alikuwa ameshakufa, hakuona. Na ati huyu anauza ya bibi yake kwa shilingi ambayo haiwezi nunua kiberiti." Hakuwa akisema nami tena, alikuwa anaiambia safu nzima ya meza, na wanawake waliokuwa wanarudi kutoka kwenye basi walisimama kusikiliza. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akaninyoshea kidole. "Toa simu. Pigia bibi yako. Mwambie mbuzi iko wapi na ilifikaje hapa. Akisema nikae nayo, nakaa nayo. Akisema irudi, tutaongea."

Sijawahi kupiga simu nzito kama ile. Mke wangu aliitikia mara moja, kana kwamba alikuwa ameishika. Nilieleza. Nilipomaliza, nilisikia kuku wetu wakilia nyuma yake, basi.

"Nipe huyo mama," akasema.

Nikampa. Waliongea Kikamba kwa muda mrefu, yule mama akitembea huku na huku kati ya makreti, mara anacheka, mara anasema "Ĩĩ, ĩĩ," mara anashusha sauti na kunigeuzia mgongo. Nami nilisimama pale nikiwa nimeshika kamba ya mbuzi ambaye sikujua ni wa nani. Mbuzi alikuwa anakula majani ya vitunguu.

Aliponirudishia simu, ilikuwa imeshakatwa.

"Amesema wewe ni fundi wa mizani," akaniambia. "Hukusema."

Ndivyo nilivyofanya kazi mchana ule wote. Mapatano ya wanawake wawili yalikuwa haya: mbuzi arudi Mwingi, shilingi ibaki Salama, na mimi nitengeneze kila mzani wa safu ile, na pesa ambayo kila mwenye mzani angemlipa fundi ampe mama wa kofia, mpaka zimtoshe kununua mbuzi mwingine. Mizani ilikuwa mingi na ilikuwa mibovu kweli. Vumbi na mvua za barabarani zilikuwa zimekula springi. Sikuwa na vifaa vyote, lakini nilikuwa na koleo, mafuta, mawe yangu na hasira juu yangu mwenyewe, na nilifanya kazi nzuri. Kila mzani nilioushusha niliujaribu mbele ya mwenyewe, na kila mmoja aliona sindano ikisimama mahali pake.

Mzani wa yule mama niliuacha wa mwisho. Nilipotundika jiwe la kilo moja, sindano ilionyesha gramu mia tisa. Nikalitundika tena. Alikuwa akiwaongezea wateja bila kujua, kila kilo aliyouza, labda kwa miaka. Nilimwonyesha.

Alitazama sindano, akatazama barabara ya Mombasa ambako vitunguu vyake vyote vilikuwa vimeelekea. "Na mimi nilikuwa nashangaa mbona wananipenda hivi," akasema, akaanza kucheka mpaka akashika meza. Nikacheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kifua changu kulegea, na nilijisikia nikivuta pumzi yote mpaka chini.

Nilipata gari la kurudi kabla jua halijazama. Alinipa maembe kwenye mfuko, ya mke wangu, alisisitiza, si yangu.

Nyumbani mke wangu alimpokea mbuzi kwanza. Alimwogesha simenti, akampa maji, akamfunga na wenzake. Mimi alinipa chakula, akakaa kando akashona. Hakugombana nami, na sikupenda kutogombana kule. Siku tatu tulizungumza mambo ya chumvi na viberiti tu. Nililichoma daftari la sarafu jikoni, hakuuliza moshi ni wa nini. Kundini bado nimo, nisidanganye. Huwa natazama. Lakini siku hizi mtu akiweka sarafu namwandikia wazi pale chini: mama, hiyo ipime kwanza. Wawindaji wenzangu wa zamani wananichukia sana.

Jumamosi tulifika Migwani na mbuzi watatu. Wazee wa kina mke wangu waliwakagua nje ya ua. Mjomba wake mmoja, mwenye fimbo na mdomo, alimshika dume mweusi shingoni.

"Hii mbona iko na alama ya kamba?"

Wazee wangu wakanitazama. Nilikuwa nafungua mdomo, sijui ningesema nini, na mke wangu, aliyekuwa amesimama na dada zake, akasema kwa sauti ya juu: "Hiyo ilikuwa inakohoa, mjomba. Ilipelekwa kwa daktari mbali sana." Dada zake wakaangua kicheko, kwa hiyo nikajua kwamba Migwani nzima ilikuwa imeshasikia. Mjomba akamwachilia mbuzi, akasema wameona, wamepokea. Wanawake wakapiga vigelegele. Mlangoni mwa nyumba, kwa mbali jinsi adabu inavyotaka kati ya mkwe na mama mkwe, nilimwona mama yake ameketishwa kitini, miguu imenyoshwa juu ya stuli. Alikuwa analia na kupiga makofi. Nami nilijifanya nina vumbi jichoni, na nilikuwa na machozi, si vumbi.

Jumapili tulirudi Mwingi. Baada ya chai, mke wangu akaingia chumbani na kuinama chini ya kitanda. Akavuta begi kubwa la safari, lile la zipu nyekundu, likatoka likikwaruza sakafu kwa uzito. Nilikuwa mlangoni. Alilifungua juu ya kitanda mbele yangu, akaanza kutoa: nguo zake, zimekunjwa vizuri. Sare za watoto. Vyeti vyao vya kuzaliwa ndani ya bahasha. Ripoti zao za shule. Blanketi dogo la mdogo.

"Ulipanga lini?" nikamwuliza.

"Jumanne," akasema. "Ulipopinda kona."

Aliendelea kutoa, akatundika nguo moja moja mahali pake. Nilisogea nikachukua sare za watoto, nikaanza kumsaidia.